Mark II Iliyong'olewa Topeni Ndalambo

Mliona. Msinidanganye leo kwamba hamkuona.

Wasikilizaji wapendwa, nawaita wapendwa kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, lakini nina hasira na ninyi. Jumapili ile alasiri, pale Mpemba, hapa hapa Tunduma, mlikuwa mmetoka kanisani. Mlijipanga kando ya barabara kuu, watoto mabegani, mkishangilia vijana wanaoshindana kwa magari katikati ya malori. Kijana Ombeni alipopita, mlipiga vigelegele. Ombeni alipoingia chini ya trela, mligeuza nyuso. Ghafla kila mmoja akakumbuka ana chungu jikoni. Aliyebaki pale, amekaa kwenye lami, amepakata kichwa cha Ombeni, ni dada yake. Dada yake peke yake.

Dada huyo ni Tupokigwe. Ndiye tunayemkumbuka leo. Tupokigwe, binti wa milima ya Ileje, mkazi wa Mpemba, dereva. Tupokigwe amefariki dunia, tumemzika kwao Ileje. Na kama mnangoja nilie hapa mpaka mwisho wa kipindi, mmekosea stesheni. Mwanamke huyu alishinda. Kaeni niwaeleze alivyoshinda.

Kazi yake ilikuwa kuendesha magari ya IT. Mnayajua. Yanashushwa bandarini Dar es Salaam, yanapita tu hapa kwetu kwenda Zambia na Kongo. Tupokigwe aliyaleta mpaka mpakani, akakabidhi funguo, akapanda basi kurudi kuchukua jingine. Miaka na miaka. Madereva wa Zambia walimwita Bamayo, mama, kwa heshima, ingawa hakuwazidi umri. Aliendesha magari ya kila aina. La kwake hakuwa nalo hata moja.

Na alikuwa na majivuno! Mdogo wake, Atuganile, ameniambia: "Dada ukimpa lifti, hamfiki salama na urafiki wenu. Atakwambia breki zako zimechoka, kona umeikata kama unakata keki, na kiti chako umekilaza kama uko saluni."

Sasa, baada ya kumzika Ombeni, wapo waliotaka Lusubilo apigwe. Lusubilo ndiye aliyekuwa kwenye gari la pili Jumapili ile. Alikuwa rafiki wa Ombeni. Tupokigwe alimfuata nyumbani kwao, akaketi, akamuuliza.

"Lusubilo, utakimbiza tena?"

"Dada Tupo, nisikudanganye. Nitakimbiza. Sasa tukakimbize wapi kwingine?"

"Nikikupa kwingine?"

"Wapi? Kanisani?"

"Chapwa. Kwenye ile yadi."

Yadi ya Chapwa mnaijua. Yadi ya malori ya zamani, zege tupu, majani yameota kwenye nyufa, hakuna aliyeitaka. Tupokigwe alikuwa ameshakwenda kwenye mkutano wa mtaa, akagombana na nusu ya wazee, na mtaa ukakubali kwa kunyoosha mikono: yadi iwe ya vijana kila Jumamosi. Lakini vijana waliicheka. Nani aache barabara kuu yenye watazamaji, aende kuzunguka kwenye majani?

Kwa hiyo akamwekea Lusubilo sharti. "Tushindane pale, mimi na wewe. Ukinishinda, rudini barabarani, sitafungua mdomo. Nikikushinda, wewe na wenzako wote hamkimbizi kwenye barabara kuu tena."

Lusubilo akacheka. "Dada, gari unalo?"

"Sina."

"Basi nimeshashinda."

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Kila kitu sasa kiko juu ya gari. Akichagua vizuri, vijana wanahamia Chapwa. Akikosea, wanarudi barabarani Mpemba, na sisi tunarudi makaburini. Na hela yake ilikuwa hela ya dereva.

Jambo moja alilijua kabla ya yote. Alitaka gari linalosukumwa na matairi ya nyuma. Atuganile alimuuliza kwa nini asinunue IST kama watu wengine. Akajibu: "Kwenye lile, matairi ya mbele yanavuta gari na yanakata kona. Kazi mbili, mshahara mmoja, lazima yagome. Mimi nataka ya nyuma yasukume, ya mbele yakate kona tu."

Basi kila mtu akawa mshauri. Vijana wa kijiweni: "Dada Tupo, Altezza! Usifikirie mara mbili!" Akasema: "Zuri, nalipenda, lakini kila Altezza iliyopo mjini imeshapita mikononi mwenu, na mikono yenu naijua." Mwingine akamletea gari la Kijerumani, jeusi, linang'aa. Akalizunguka, akalikalia, akashuka. "Likivunjika kidude, nisubiri kidude miezi? Gari la kiwanjani unalinunua ili ulivunje. Nunua lile ambalo spea zake zinauzwa mpaka kwenye genge la nyanya." Na hapo ndipo alipowaudhi wote: alisema hela yake atalipia gari nusu tu. Nusu nyingine ni ya breki na matairi. Wakamwambia anatafuta gari la nusu bei, gari hilo halipo.

Lilikuwepo. Lilikuwa kijijini Ndalambo.

Fikirini wenyewe. Mtu wa wilaya yetu ya Momba akitafuta gari, anatafuta linalosukumwa na matairi yote manne, kwa sababu ya tope. Lenye kusukumwa na ya nyuma peke yake, mvua zikianza, linageuka msalaba wa kubeba. Kiangazi mwenye nalo anakutajia bei ya juu. Masika anataka kulipiga teke. Wote sisi tunanunua magari kiangazi, tukiwa na hela za mavuno. Tupokigwe alisubiri mvua. Zilipokolea, akavaa gauni na mabuti ya mpira, akapanda lori la Ndalambo, akashuka na kuanza kutembea na barabara, akitafuta gari lililokwama.

Akaikuta Mark II. Ile tunayoiita baluni. Nyeupe, imezama mpaka kwenye bampa. Mwenyewe, Bwana Sichalwe, mkulima na mzee wa kanisa, amekaa juu ya boneti ametazama mbingu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umekuja kunicheka, wenzako wameshanicheka tangu asubuhi."

Tupokigwe alilala chali kwenye tope, na gauni lake, akaingia chini ya gari alikoweza kufika. Akapapasa chesisi akitafuta kutu. Akagonga difu, lile bonge la chuma linalozungusha matairi ya nyuma. Akatoka amekuwa kama kinyago, akauliza gari limetembea njia gani.

"Kanisani na shambani, mama. Polepole. Mimi mwendo naogopa."

"Unauza?"

"Usinitanie."

"Nauliza, baba, unauza?"

"Chukua hata sasa hivi! Ila ulitoe mwenyewe."

Bwana Sichalwe mwenyewe aliniambia: "Nilidhani amerukwa na akili. Amelipa gari limezama!" Hakuwa amerukwa. Gari lililoendeshwa polepole na mtu anayeogopa mwendo, injini yake bado ni bikira. Na tope linaloishusha bei halipo Chapwa. Chapwa ni zege.

Ng'ombe wa plau ndio waliolivuta. Tupokigwe akaingia nalo Tunduma likiwa na rangi ya udongo, na kijiweni wakapiga yowe: "Dada Tupo kanunua jembe!"

Sasa twende Chapwa, siku yenyewe. Pembezoni mwa zege, magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa kutoka Mbozi, anayeteleza agonge hayo. Madereva wamevaa kofia za bodaboda. Lusubilo ana gari lake la turbo, linasukumwa na matairi yote manne, rangi mpya, muziki unatikisa mabati ya jirani.

"Dada, usije ukaturushia tope la Ndalambo."

"Safisha vioo vyako, mdogo wangu. Utaniona humo kidogo. Halafu hutaniona, nitakuwa mbele."

Raundi tano. Kwenye mnyoofu, pale njia inaponyooka, Lusubilo alimwacha, na watu wakaguna. Kwenye kona Mark II ikarudi mgongoni kwake. Mnyoofu, akamwacha tena. Kona, ikarudi, na sasa karibu zaidi. Lusubilo hela yake ilikuwa kwenye rangi na muziki. Ya Tupokigwe ilikuwa kwenye breki na matairi. Raundi ya nne breki za Lusubilo zilianza kunuka mpaka sisi tulioketi mbali tulizisikia. Raundi ya tano aliingia kona ya mwisho akiwa anabembeleza pedali, na Tupokigwe akapenya upande wa ndani wa kona, matairi ya nyuma yakatambaa kidogo, akaliweka sawa, akatoka mbele.

Mbele! Dereva wa magari ya watu, ndani ya jembe la Ndalambo, mbele!

Atuganile alizimia kwa furaha, hilo alinikataza kusema, nimesema. Lusubilo alishuka, akavua kofia, akapiga magoti palepale kwenye zege. "Dada, nimekubali. Barabarani basi."

Na alitimiza. Wenzake wote walimfuata. Tangu Jumamosi ile hatujamzika kijana hata mmoja kwa mashindano ya barabara kuu. Hata mmoja. Nani mwingine hapa mjini ana ushindi kama huo? Nitajieni jina lake.

Figo ndizo zilizomchukua. Atuganile anasema siku anapelekwa hospitali aliuliza gari la wagonjwa linasukumwa na matairi yapi. Nesi akamwambia, mama, pumzika. Akasema, "Nitapumzika ukinijibu."

Kwa mama yake, kwa Atuganile, kwa ukoo wote kule Ileje, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na sisi tuliobaki tujiulize tunashangilia nini, na tunamshangilia nani aingie wapi.

Ila swali hilo halisubiri. Tulipokuwa msibani, wenye malori mliingiza trela zenu kwenye yadi ya Chapwa. Foleni ya mpaka ndefu, mkaona pana nafasi, mwenyewe kafa. Jumamosi iliyopita vijana walifika, wakakuta hakuna pa kupita. Mnajua walikwenda wapi? Walikwenda Mpemba, barabarani. Hakuna aliyekufa. Nasema Jumamosi iliyopita hakuna aliyekufa.

Kesho ni Jumamosi. Wewe dereva unayenisikiliza ukiwa ndani ya lori lako pale Chapwa, funguo ziko mkononi mwako. Na wewe unayeuza chai getini, nenda ukamgongee kioo kama amelala. Mwenyekiti wa mtaa, mikono iliyonyooshwa uliihesabu wewe, vaa viatu uende. Usingoje kipindi kiishe. Washa injini. Toa trela.