Bwana Mifugo Asiyekunywa Maziwa

Tarehe 30 Juni 1998 Bwana Mifugo wetu, Ndugu Joakim Mashimba, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianzia Mwanhuzi, akapita Mwandoya, akatua Bariadi, kote huko kwa baiskeli ileile ambayo idara iliahidi kuibadilisha.

Kwa muda mrefu alikuwa na utaalamu bila dawa. Soko huria lilipofika, dawa zikajaa mnadani, katikati ya mitumba na betri za redio, na kila muuzaji akawa daktari. Iliyopendwa kuliko zote ni oksitetra, ile sindano ya njano. Mashimba alipowaeleza wazee kwamba imetokana na bakteria waishio udongoni, walifurahi sana.

"Kumbe hata wa kiwandani wanachimba dawa!" alisema Mzee Ngeleja, mfugaji jirani yetu.

Baadaye ng'ombe wa maziwa wa Ngeleja akashikwa na ndigana baridi. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha Sayi, mjukuu wa Ngeleja, mtoto mchanga aliyefiwa na mama. Ngeleja akanunua chupa moja, akaigawa kwa zizi zima, asionekane anapendelea. Wazima wakaendelea kuwa wazima. Mgonjwa akalala chini.

"Mzee, dawa hii haiwaui wadudu, inawazuia kuzaana tu," Mashimba alimwambia. "Mwili ndio unamalizia. Ukiipunja, wanarudi wameshaizoea."

Akamdunga mgonjwa dozi kamili, kisha akaagiza maziwa yake yamwagwe mpaka dawa imtoke.

"Nimwage maziwa, Bwana Mifugo? Mjukuu wangu anywe nini?"

Mashimba alijulikana kila boma kwa kukataa maziwa. Popote alipodunga sindano aliomba chai ya rangi, na wengi wakamwona ana maringo. Siku hiyo alipanda baiskeli mpaka kwa Mama Minza, mfugaji mwingine, akamwombea Sayi maziwa kwa mdomo wake. Akaomba kila siku, mpaka ng'ombe wa Ngeleja akasimama na maziwa yake yakawa salama.

Oksitetra bado inaponya wilayani kwetu, na tukiitumia alivyotufundisha, itawaponyea na wajukuu zetu mifugo yao.

Kibuyu mnachokiona meza kuu kimeletwa na Sayi, sasa mwanafunzi wa darasa la pili. Maziwa ni ya ndama wa ng'ombe yule, aliyekwisha kuwa mama. Ngeleja ametuma na salamu: "Mwambieni hakuna aliyedungwa."

Asante, Ndugu Mashimba. Ustaafu wako uwe wa afya na amani. Chai yako leo ina maziwa. Kunywa bila wasiwasi.