Mama Anastasie Nyassa na Tension ya Kumi na Sita

Ndugu, wakwe na majirani wa Lweba, asante kwa kuja kumsindikiza. Mimi ni Constance, mdogo wake marehemu. Dada hakupenda namba isomwe kwa haraka, kwa hiyo nitasoma polepole.

Mama Anastasie Nyassa alizaliwa Kilembwe tarehe 14 Agosti 1961, kifungua mimba wa mzee Etabo na mama Rosette, wakulima wa mihogo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Kilembwe, kisha uuguzi Nundu, akapata diploma mwaka 1982. Hesabu hakuipenda, wala hakuficha.

Tangu Januari 1983 alikuwa muuguzi wa kituo cha afya cha Lweba. Wengi mliosimama hapa mlipokelewa na mikono yake mlipozaliwa, na alipenda kuwakumbusha mlivyolia.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Raphaël Wilondja, mvuvi aliyeacha nyavu baadaye akanunua pikipiki ya kupeleka bidhaa Misisi. Mungu aliwajalia Willy, Émilienne na Dany.

Kisa kimoja lazima kisemwe, maana yeye mwenyewe alikisimulia kila mahali. Kwetu tension, yaani shinikizo la damu, husemwa kwa santimetri za zebaki: kumi na mbili kwa nane, wewe ni mzima. Machi 2009 kituo kilipewa msaada wa mashine mpya ya kupimia tension. Wa kwanza kupimwa alikuwa Mukansanga, mama kutoka milimani, mwenye mimba ya miezi saba. Mashine ikaonyesha 16 kwa 10,7. Tension ya namna hiyo huua mama na mtoto. Dada akaandika transfert, karatasi ya kumhamishia hospitali kubwa, na Raphaël akampeleka mgonjwa hospitali moja ya Baraka. Huko nako walikuwa na mashine ya msaada uleule. Ikasema 16. Waganga wakaamua mtoto atolewe siku ileile, na mtoto wa miezi saba kwetu haponi kirahisi.

Huku nyuma, Lweba, akapimwa Henri wa kwaya, kijana mwenye nguvu za ng'ombe. Naye 16. Dada akajipima mwenyewe: 16, na alijua yake ni 12. Ndipo akaona herufi ndogo kwenye kioo: kPa, yaani kilopaskali. Mashine haikudanganya, ilisema kwa kipimo kingine. Kilopaskali moja ni milimita saba na nusu za zebaki. Kumi na sita mara saba na nusu ni milimita mia moja na ishirini, nazo ni santimetri kumi na mbili. Ile 10,7 ikatoa nane. Mukansanga alikuwa mzima kabisa.

Dada akakodi pikipiki hadi Baraka. Alimkuta Mukansanga mlangoni pa chumba cha upasuaji, tayari amevuliwa shanga.

"Musimupasue," Dada akasema mbele ya wote. "Tension yake iko kumi na mbili kwa nane. Mi ndo nilisoma mubaya."

"Mama Anastasie, uko na hakika?" mganga akauliza. "Ukikosea tena, kazi yako imeisha."

"Mupime na ile ya zamani ya zebaki. Nasimama hapa."

Wakapima: kumi na mbili kwa nane. Angeweza kubaki Lweba na kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Namshukuru Mungu kwa dada wa namna hiyo.

Mtoto alizaliwa Mei, kwa wakati wake, mikononi mwa Dada, akaitwa Mpano, maana yake zawadi. Tangu hapo nyumba nzima tulipata taabu. Raphaël akisema gurudumu la pikipiki lina upepo wa mbili, anaulizwa, "Mbili ya kipimo gani?" Mzee wa watu anajibu, "Bar, mama, bar," huku akiendelea kujaza upepo.

Figo zilianza kumsumbua Julai 2024. Siku ya mwisho, muuguzi Fanny, mwanafunzi wake, alimpima akapata kumi na nane. Dada akauliza, "Ya kipimo gani?"

"Santimetri, Mama."

"Basi ni yangu kweli," akasema, akaomba tumsomee zaburi. Alifariki Baraka tarehe 3 Oktoba 2024, akiwa na miaka 63.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mimi. Jana Mpano, sasa wa miaka kumi na tano, alishuka na mama yake kutoka milimani. Willy aliuliza tumwandike wapi kwenye programu ya mazishi, kwa wageni au kwa majirani. Raphaël akajibu, "Kwa batoto."

Kwa hiyo nasahihisha: ameacha watoto wanne. Lala kwa amani ya Mungu, Dada, nasi tunashukuru.