Papa Soudi, Fundi wa Vibao vya Askari

Kwa heshima zote zinazostahili, wafanyakazi wa Karakana ya Tujikaze wanatangaziwa kwamba nyundo kubwa ya karakana imerudi kabatini. Papa Soudi Kalonda aliiazima mwaka 1993, kwa siku hiyo moja tu, na ameirejesha juzi mbele ya mashahidi. Mpini si ule wa zamani. Kuhusu kichwa, hatukuuliza.

Papa Soudi mwenyewe anastaafu tarehe 31 Julai mwaka huu wa 2024, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga randa, kupiga misumari na, mara chache, kupiga kidole chake. Alizaliwa Tunda, akaja Kindu kijana, akiwa na msumeno wa marehemu baba yake, akaomba kazi ya majuma mawili. Anaishi Alunguli, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi huvuka kwa mtumbwi akiwa amekaa wima kama mtu anayekwenda kutia sahihi mkataba.

Kazi zake mnazijua hata msiomjua. Lile benchi la kungojea pale zahanati ni lake. Aliliwekea mwinamo mdogo kwa mbele, ambao jicho halioni lakini makalio yanaujua, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyelala pale akakosa zamu yake. Akiulizwa, husema ni sakafu. Kabati la mkuu wetu, Papa Félicien, ni lake pia. Lilitoka zuri sana, na kwa kuwa lilikuwa zuri sana hakuna aliyepima mlango wa nyumba ambayo lingeingia. Ilibidi kung'oa mlango, ambao ulikuwa pia kazi ya Papa Soudi, na uligoma kung'oka.

Lakini kazi inayotufanya leo tuvue kofia haikuwa ya milango. Ni ile ya makaburi ya askari.

Katika miaka ya vita, treni ilipokoma kuja na barabara zikafungwa, Kindu ilikula ilichopanda nyuma ya nyumba. Askari walikufa, wengine kwa risasi, wengi kwa malaria na kuhara, magonjwa ambayo hayakuuliza mtu ni wa upande gani. Walizikwa pamoja, juu kidogo ya mji: wa serikali, waasi, na wale waliotoka msituni. Kamati ya mazishi ya wakati ule ikaagiza misalaba ya kipimo kimoja. Papa Soudi, ambaye swala ya Ijumaa humpita siku mto umechafuka tu, akapiga misalaba. Akaandika Idi, akaandika Shabani, akaandika Ramazani, akasimamisha. Katika mji huu, ambako adhana na kengele ya kanisa hupokezana kila asubuhi, ni sisi tu tungeweza kufanya kosa hilo kwa mikono yetu na tusilione. Kila mtu alikuwa na haraka ya kuzika na kurudi ndani.

Njia zilipofunguka, akafika Mama Safia kutoka Tunda, anamtafuta mwanawe wa pekee, Ramazani. Alimkuta. Kisha akashuka mpaka karakana, vumbi bado miguuni.

"Weye Soudi, tunajuana toka kwetu. Mutoto yangu njo umemutia musalaba?"

"Mama, walinipa mbao na kipimo. Kufikiri hawakuniagiza."

"Basi miye ninakuagiza leo. Fikiri."

Akafikiri kwa msumeno. Alipanda kule juu akakata mikono ya ule msalaba, kikabaki kijiti. Kesho yake familia nyingine zilimngoja mlangoni zikitaka vivyo hivyo, na nyuma yao akasimama Mama Kavuo, mama wa Butembo anayeuza vipuri na pikipiki, ambazo humfikia ndani ya masanduku ya mbao, ambaye bwana yake analala mstari uleule na Ramazani.

"Na ya bwana yangu utakata?"

"Hapana, Mama Kavuo. Ya bwana yako inabaki."

"Ah! Ibaki peke yake, mikono wazi, sawa muntu anasimamisha gari? Walikufa pamoja. Wafanane!"

"Wafanane," akasema Mama Safia, "lakini wafanane na wangu."

Ukweli ni kwamba marehemu hao wawili hawakuwa jeshi moja, na huenda walilengana bunduki. Hakuna aliyepata ujasiri wa kuwakumbusha wale mama.

Papa Soudi aliwaacha wapumue. Halafu akaja na jibu ambalo limedumu mpaka leo: vibao bapa, vyote vya kipimo kimoja, jina chini, na juu nafasi tupu. Alama ichorwe na wenye mtu wao. Ndiyo sababu kila mwaka, siku moja kabla ya ukumbusho, mama wa mji huu hupanda na brashi na mabaki ya rangi za nyumba. Kuna misalaba, kuna miezi. Kuna baiskeli, kwa kijana aliyekuwa anabeba abiria kabla jeshi halijambeba yeye. Kuna samaki mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza aliyemchora. Wageni wakubwa huja kesho yake na hotuba, lakini ukumbusho wenyewe uko siku ile ya rangi, Mama Kavuo anapochungulia kibao cha jirani na kuuliza kama huo ni mwezi ama ni ndizi, na Mama Safia anamjibu bila kugeuka kwamba musalaba wake unaonekana umelewa.

Vibao visivyo na mtu hubaki bila alama. Papa Soudi hakuwahi kuvichorea. "Wenyewe watakuja," husema. Wengine walikuja, kutoka Kalima, kutoka Kampene. Wengi bado.

Tatizo ni mbao. Tunazopata ni laini. Mvua za miaka miwili na mchwa wa mwaka mmoja zinatosha. Kibao kikilala, majani hufunika, na hapo kaburi moja na jingine ni ardhi ileile. Kwa hiyo yeye huzunguka kila msimu na kusimamisha vipya kabla ya vya zamani kuanguka. Alipotangaza kustaafu, Mama Safia, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alimfuata hapa.

"Ukienda, kibao ya Ramazani ikianguka, nani atajua aliko?"

"Karakana iko, Mama."

"Karakana iko na macho?"

Papa Soudi akachukua ubao mmoja wa vibao, akaubonyeza kwa ukucha, ukabonyea.

Siku hizohizo sisi wenzake tulikuwa na siri. Tulichanga tukanunua mbao ngumu kutoka Pangi, nyeusi, nzito, ambayo mchwa huionja na kwenda zake, ili apewe kiti cha kuegemea uzeeni. Ni baada ya kununua ndipo tulipokumbuka kwamba seremala wa viti hapa ni mmoja. Papa Félicien akamwagiza yeye mwenyewe, akimwambia ni kiti cha mgeni mkubwa.

"Mugeni huyu iko muzito?"

"Wa kadiri."

"Anakaa sana?"

"Kuanzia sasa, ndiyo."

Kiti kilikamilika mapema, kimepakwa vanishi ya kahawia iliyokolea, kinang'aa.

Juma lililopita mama walipanda na rangi zao. Kibao cha Ramazani kilikuwa kipya, na vile visivyo na mtu vyote vilikuwa vipya: vyeusi, vinene. Mama Safia alikigonga cha mwanawe kama anayebisha hodi. Mama Kavuo alikamata kimoja kwa mikono miwili akakitikisa, kikamtikisa yeye.

"Hii itanizika na miye," akasema. "Mbao ulitoa wapi?"

"Ilibaki," akajibu Papa Soudi, aliyekuwa amepanda nao na nyundo.

Papa Félicien, aliyeitambua mbao yetu ya Pangi, akatazama juu, akasema mvua inakuja. Mama Safia alichora mwezi wake polepole sana. Safari hii hakuna aliyetaja ndizi.

Papa Soudi, leo unakabidhiwa kiti chako mbele ya familia, wenzako na mama wa makaburi. Asante kwa milango, kwa benchi, na kwa kufikiri ulipoagizwa. Kaa Alunguli, tazama mto, waache wengine waumie vidole. Mungu akupe afya na siku nyingi za kutofanya kitu.

Chini ya kiti, ambako vanishi haikufika, bado panasomeka maandishi ya sanduku: pikipiki moja.