Msitufundishe kwa Kitufe

Mheshimiwa Meya wa Warrandool, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo chetu cha Jamii, Bwana Colin Hatherley, Meneja wa kiwanda cha nyama, Bwana Tregear, Mchungaji wetu, walimu wa chuo, wazee wa kabila letu la Kikaren mliovaa nguo zetu za kufuma ijapokuwa baridi ya leo inauma, wahitimu wenzangu wa masomo ya jioni, na wewe mume wangu, Tha Kler, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa moyoni mwangu umetangulia: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Naw Bway Paw. Shule yangu iliishia sekondari, katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand, kwa hiyo maneno makubwa msiyatarajie. Mkiniona nimekunja mikono kifuani, msidhani nimenuna. Kwetu ndivyo mtu anavyosimama mbele ya wakubwa. Naogopa, tena sana.

Wengi wenu mlikuwepo tulipofunga ndoa juzijuzi, na mlikula supu yetu ya machipukizi ya mianzi mpaka sufuria likakwanguliwa. Bado sijaweza kulitamka neno "mume wangu" bila kutabasamu. Asubuhi nikimtazama anavyovaa buti zake za mpira jikoni, mvuke wa chai ukimpanda usoni, najiuliza nilitenda wema gani mpaka nikapewa mtu huyu. Lakini furaha hii imekuja na jambo ambalo hakuna aliyenionya. Zamani sikuwa na kitu cha kupoteza, nikilala fofofo. Sasa ninacho, na usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Mwezi ujao Tha Kler anatoka kwenye meza za kukatia nyama, anahamia chumba cha mitambo ya baridi, kule ambako amonia, gesi ya kugandishia yenye sumu, inapita ndani ya mabomba. Ni kupandishwa cheo, na Bwana Tregear, tunakushukuru. Ila mafunzo ya chumba hicho bado hajayapata. Jumatatu bodi itaketi kuamua kama atayapata hapa chuoni kwa mwalimu wetu, au kwa simu ya mkononi: unatazama filamu, kisha unabonyeza kitufe kilichoandikwa "Nimeelewa". Ndugu wageni waalikwa, mimi nakiogopa kitufe hicho kuliko amonia yenyewe. Niruhusuni niwaambie kwa nini.

Siku ya kwanza ya darasa la usalama, mwalimu wetu Glenys Prowse, ambaye sisi tunamwita Tharamu, maana ndivyo tunavyowaita walimu wa kike, alitueleza habari za amonia. Ukiinusa, alisema, kimbilia upande ambako upepo unatoka, na usirudi kufuata mtu wala kitu. Akauliza, "Mmeelewa?"

Darasa zima tukaitikia, "Ndiyo, Tharamu."

Akatutazama. "Vizuri. Na ukishainusa, vua viatu, kaa chini, imba wimbo mmoja wa harusi. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Tharamu."

Hakucheka. Alivuta kiti akaketi, uso umempauka. Kisha akasema, "Jamani, mtakufa kwa adabu zenu."

Ni kweli. Sisi tumelelewa hivyo. Kumwambia mwalimu kwamba hukuelewa ni kumwambia mbele za watu kwamba hajui kufundisha, na nani angetaka kumwaibisha mwalimu wake? Basi Tharamu akatoa amri: jioni ile hakuna atakayetoka mpaka mmoja wetu aseme hajaelewa. Tukakaa. Wa nyuma wakaanza kunong'ona, "Nyinyi wa mbele, semeni basi, wali unapoa nyumbani." Wa mbele wakajibu, "Semeni nyinyi, si ndio mnaosinzia."

Ndipo kijana mmoja, ambaye sikuwa nimewahi hata kumsalimu, akasimama, mikono kifuani. "Tharamu, samahani sana. Sijaelewa. Umesema tukimbilie upepo unakotoka. Mle ndani hakuna dirisha. Upepo utatoka wapi?"

"We Tha Kler," rafiki yake akamtania, "wali ulikuwa unakaribia, sasa unataka tulale hapa?"

Mimi nilikuwa nimeshapenda. Siwezi kuwaficha. Wengine hupenda sauti, wengine hupenda macho. Mimi nilimpenda mtu kwa swali lake.

Tharamu akasema, "Hata mimi sijui. Twende tukaangalie." Bwana Tregear akatufungulia kiwanda, na akawaita watu wa zimamoto waje pamoja nasi. Tukaonyeshwa kwamba feni za chumba cha kugandishia zinasukuma hewa yote kuelekea mlango wa mashariki, ule ule uliokuwa na mshale mkubwa wa kijani wa kutokea, yaani tungekimbia pamoja na gesi. Mshale ukahamishwa, ukawekwa mlango wa magharibi. Sisi tukatembezwa njia ile mpaka miguu ikaijua bila macho.

Majira ya baridi yaliyopita bomba lilipasuka. Mnakumbuka king'ora. Waliosoma kwa Tharamu walitoka wote kwa mlango wa magharibi, wakasimama uwanjani wakihesabiana. Aliyekosekana alikuwa binamu yangu, Pah Nay. Yeye aliajiriwa wakati kiwanda kilipokuwa kikijaribu mafunzo ya simu. Gesi ikimchoma macho, alikimbilia mlango wa mashariki, kwa sababu filamu ilikuwa ya zamani na ndani yake mshale ulikuwa bado uko kule. Zimamoto walimtoa akiwa hai. Leo yuko nyumbani, kwa sababu hawezi kukaa ukumbini bila kukohoa.

Nilimuuliza hospitalini, "Mdogo wangu, wenzako walikuwa wameshakuambia mshale umehamishwa. Filamu ikasema vingine. Kwa nini ulibonyeza 'Nimeelewa'?"

Akanijibu kwa tabu, "Dada, iliniuliza kwa upole. Ningeiambiaje kwamba haikufundisha vizuri?"

"Pah Nay, ile ni simu."

"Ina sauti ya mzee," akasema.

Tulicheka, yeye akikohoa. Kisha nikatoka nje ya wodi nikalia.

Ndugu zangu, mji huu unakijua chuo hiki kwa matunda yake. Wanaowaosha na kuwalisha wazazi wenu pale nyumba ya wazee walijifunza hapa. Anayewafungia nyaya za umeme, anayewakatia nyama ya Krismasi, walikuja hapa jioni wakiwa wamechoka, wakafundishwa kazi na lugha kwa pamoja. Lakini cha kwanza tulichofundishwa ni kuthubutu kusema hapana. Je, simu itawezaje kufundisha hilo? Simu ina uso gani wa kupauka tusipoelewa?

Mume wangu akirudi kazini, namkumbatia mlangoni kabla hajavua koti. Yeye anadhani ni mahaba. Ni mahaba, mpenzi wangu, lakini pia nainusa kola yako. Na Mchungaji anisamehe: ule uzi mweupe ambao wazee wetu humfunga mtu kwenye kifundo cha mkono ili roho yake isimtoroke, kiwandani hawauruhusu mkononi. Basi mimi namfunga mguuni, ndani ya soksi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenikosesha chakula tangu juzi. Bwana Mwenyekiti, wiki iliyopita ulikuja darasani kwetu. Ulitueleza mpango wa simu kwa lugha nzuri, ukatuuliza kama tunaukubali. Sote tukaitikia ndiyo. Nimesikia kwamba Jumatatu bodi itaambiwa wanafunzi wenyewe wamekubali, na kwamba Tharamu ataagwa kazini. Bwana Mwenyekiti, wewe ni mkubwa, ulikuwa mgeni wetu, na ulikuwa umetuletea keki. Ulitegemea tukujibu nini?

Wahitimu wenzangu, nawauliza upya, na wazazi wetu watusamehe utovu huu wa adabu. Anayetaka mume wake, mke wake au mtoto wake afundishwe amonia kwa kitufe, abaki amekaa. Asiyetaka, asimame.

Tha Kler amesimama. Naw Mu Dah, asante. Safu ya pili, asanteni. Naona hata wazee wanashikana mikono wainuke, na wao hawakuwahi kuingia darasa letu.

Mheshimiwa Meya, Bwana Meneja, walimu wangu, nawashukuru kwa cheti hiki na kwa masikio yenu. Bwana Mwenyekiti, makofi naomba yasubiri kwanza. Watazame hawa mmoja mmoja, kisha Jumatatu uiambie bodi ulichokiona.