Bartholomayo Kasiani wa Makote na Gari Lake

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na waumini wenzangu, poleni na msiba. Mimi ni Cuthbert, mtoto wa dada yake marehemu. Kwa mila yetu mali ya mjomba hurithiwa na mpwa, si na mjane wala watoto. Najua wapo waliofika hapa wakiwa na swali la gari mdomoni. Wawe na subira, kwanza tumseme mwenyewe.

Mzee Bartholomayo Kasiani alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, mwaka 1903. Mwezi haukuandikwa, ila mama yake alisema ulikuwa wakati wa kupalilia mtama. Alibatizwa mwaka 1912.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Kusoma alikuweza, kuimba kulimshinda, na walimu waliona ni heri kwaya ibaki salama, wakampeleka karakana ya useremala. Tangu mwaka 1924 alitengeneza madawati, milango, mabenchi ya kanisa na majeneza.

Tarehe 14 Juni 1931 alifunga ndoa na Regina, binti wa Makote, akahamia huku ukweni kama ada inavyotaka. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Ethel, na tangu hapo Regina akaitwa Mama Ethel. Walitaniana miaka yote ya ndoa yao, na mara nyingi mshindi alikuwa Mama Ethel.

Mwaka 1949 marehemu alinunua gari dogo la Kiingereza kutoka kwa bwana shamba Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Umri wa gari ulikuwa sawa na wa ndoa yake. Lilikuwa limelala bandani, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Marehemu hakufundishwa ufundi wa magari na mtu yeyote, ila aliamini kuwa kilichofungwa na binadamu hufunguliwa na binadamu. Milango na viti vilivyooza aliviunda upya kwa mbao. Mkanda wa feni aliusuka kwa ngozi ya mbuzi. Tairi likikosa mpira wa ndani, alilishindilia majani makavu, na gari likaenda.

Rejeta ndiyo iliyomtesa. Ilivuja, na sote tunajua maji ya huku juu yanatoka bondeni, kichwani mwa mwanamke. Siku moja Mama Ethel alitua mtungi akasema, "Baba Ethel, gari lako linakunywa kuliko ng'ombe, na mtekaji ni mimi." Marehemu aliona aibu. Akaziba tundu kwa unga wa muhogo, na injini ilipochemka, rejeta ikafurika uji. Mkewe akamletea bakuli. "Umepika mwenyewe," alimwambia, "karibu ule."

Mwaka 1952 mchwa waliziingia mbao za gari. Marehemu alizipaka mafuta ya maganda ya korosho, kama sisi tunavyopaka nguzo za nyumba, akasahau kuwa nguzo haikaliwi. Juma hilo alimpa lifti padri mgeni kutoka Masasi hadi Newala. Jumapili padri alihubiri amesimama, kama mapadri wote, ila na chakula cha mchana alikula amesimama. Mahali alipobabuka hakupataja.

Mwaka 1957 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Alipokuwa hawezi tena kukanyaga breki, Mama Ethel alishika usukani, naye akakaa kando akimtajia gia. Hivyo ndivyo walivyoshuka kwenda hospitali ya misheni na kurudi, mwaka mzima. Askari mmoja aliwasimamisha akauliza leseni ni ya nani.

"Yangu," alijibu marehemu.

"Mbona anaendesha mama?"

"Leseni ni yangu, bwana. Miguu ndiyo yake."

Askari aliwaacha wapite.

Mwezi Julai mwaka huu nilimkuta amelazwa. Alisema, "Mpwa wangu, nikimwachia gari mke wangu, ukoo utasema amenilisha dawa nikavunja mila, na maneno hayo atakaa nayo hadi kufa. Mimi silitoi. Litakuja kwako. Likishakuwa lako, ni lako." Hakuniomba kitu. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Agosti 1958, alfajiri.

Jana Mama Ethel aliliosha gari kwa maji aliyoyapandisha mwenyewe kutoka bondeni. Kisha akaniletea hendeli ya kuwashia, ameifunga kwenye kanga. "Pokea, mwanangu," alisema. "Rejeta uijaze kabla hujaanza mteremko." Aligeuka upesi akaingia ndani. Hakujua mjomba aliniambia nini. Niliumia sana.

Marehemu ameacha mjane, Regina. Watoto, Ethel, Cyril na Isabela. Dada mmoja, ambaye ni mama yangu. Wapwa na wajukuu.

Gari limekuwa langu tangu Jumatatu. Leo, mbele ya wazee wa Lupaso na wa Makote, nampa Regina, Mama Ethel. Sikutumwa na marehemu wala sikuombwa na mjane. Mwenye neno aje kwangu, asimwendee yeye. Mama Ethel, hendeli yako hii hapa, njoo uichukue.

Naye mjomba, Mwenyezi Mungu amlaze kwa amani.