Evaristo Mlay Aliacha Kutaja Majina

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, iwe jikoni, shambani au kazini. Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Naye ni Evaristo Mlay, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa Tambarare Jazz. Evaristo Mlay alifariki mjini Moshi Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Amezikwa kwao Mwika, kihambani, kati ya migomba na mibuni. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Evaristo Mlay wa Tambarare Jazz amefariki.

Mkiona sauti yangu leo ni kavu, mnisamehe. Juzi nilikuwa Mwika, nikakaa na dada yake, Bi Tereza. Tangu nitoke pale sauti imekataa kupanda. Mengi nitakayowaambia ni yake.

Tereza ana miaka hamsini. Mama yao alifariki Evaristo akiwa bado anatambaa, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea. Baba yao, mzee Onesphory, alikuwa mhunzi, na baba yake alikuwa mhunzi, na huyo wa juu yake pia. Tereza alipewa kazi ya kupuliza mvukuto. Evaristo alipewa kazi ya kukaa mbali na moto. Akawa anagonga vitu.

"Aligonga kila kitu," Tereza aliniambia. "Sufuria, mlango, pembe za mbuzi. Mbuzi akishafungwa tu, amekwisha."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka 1963 Evaristo alishuka tambarare, akaajiriwa kiwanda cha sukari kama fundi wa kuchomelea. Mwaka 1966 wafanyakazi wakaanzisha bendi. Mpiga dramu alikuwa Efraimu, mtu wa Singida, wa idara ya boila. Walipiga rumba, tena rumba safi, watu wakafurahi. Mwaka 1968 mwandishi mmoja wa mambo ya muziki gazetini, Bwana Ebenezeri, akaja kuwasikiliza. Aliandika mstari mmoja ambao Efraimu anaujua kwa moyo mpaka leo: "Vijana wa sukari wanapiga vizuri sana nyimbo za watu wengine."

Evaristo alikikata kipande kile cha gazeti akakibandika karakana, juu ya meza yake ya kazi. Kilimuuma kwa sababu kilikuwa kweli.

Miaka miwili baadaye spika yao kubwa ilichanika. Walikuwa wameipakia kwenye trela la miwa, na barabara mnaijua. Spika nyingine haikupatikana. Walipopiga jioni ile gitaa lilitoa sauti ya kukwaruza, nzito, kama kinu kinapotafuna muwa mkavu. Wenzake walitaka ikashonwe. Evaristo akasema iachwe. Wiki iliyofuata alileta kipande cha reli ya troli, akakitundika kwa mnyororo na kukigonga. Baadaye likaja bati zito. Baadaye ukaja mnyororo wenyewe, unaburutwa sakafuni. Mtindo wakauita Karakana, na kibao cha kwanza kikaitwa "Shifti ya Pili".

Bwana Ebenezeri akarudi, mwaka 1972. Safari hii aliandika: "Nilidhani paa la kiwanda limeanguka, na waliokuwa chini yake wanaomba msaada kwa gitaa." Kiwanda kizima kilicheka. Lakini wapakia miwa, watu wa boila, watu wa kinu, walicheza mpaka viatu vikawatoka. Kelele ile walikuwa wanaishi nayo kila siku. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuipanga ikawa yao.

Sasa wapenzi wa dansi mnajua desturi ya bendi zetu. Katikati ya wimbo magitaa yanashuka, na kiongozi anataja majina. Anamtaja fulani wa Masama, anamtaja fulani wa Old Moshi, kuwashukuru wapenzi wa bendi. Ukitajwa, unarudi nyumbani umevimba kichwa. Tambarare Jazz nao walitaja. Ila kwao magitaa yaliposhuka kilibaki chuma peke yake, mapigo kumi na sita, na kila baada ya mapigo manne, jina.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo penyewe. Naomba mnisikilize vizuri.

Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1974, Evaristo alipeleka bendi kwao Mwika. Lilikuwa bugi, yaani dansi la mchana. Aliyelisimamia ni shemeji yake, Filemon, mume wa Tereza. Filemon ndiye aliyetafuta ukumbi, akakusanya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa majirani, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waje wamsikie mtoto wao. Filemon alimpenda sana shemeji yake.

Njiani Evaristo alipita kwa baba yake. Mzee alikuwa bado yuko kanisani. Evaristo akaingia kiwandani kwa mzee, kile kibanda cha kufulia chuma, akachukua nyundo. Alimwambia Efraimu kwamba nyundo zote za kiwanda cha sukari zina sauti moja, lakini hii ina mbili. Hakumwomba mtu ruhusa.

Na nyundo ya mhunzi, kwa watu wa ukoo ule, hugonga chuma kilichotoka motoni. Ikigonga chuma baridi, na jina la mtu likatajwa juu yake, huko ni kumlaani huyo mtu. Halihitajiki neno jingine. Kila mtoto wa mhunzi anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kushika koleo. Evaristo alilijua. Alikuwa amekwisha kuitenga nyumba ya baba yake na jukwaa la bendi kichwani mwake kwa miaka mingi, akadhani na watu wameitenga. Huku ni nyundo, kule ni ala.

Tereza alikuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi. Magitaa yalishuka. Nyundo ya mzee ikagonga chuma mara nne. Evaristo akasogea kwenye maikrofoni, akiwa na furaha kuliko siku zote za maisha yake, akataja jina la kwanza la shukrani.

"Akasema, Filemon wa Mwika," Tereza aliniambia. "Filemon akanyoosha mkono juu. Alikuwa anacheka. Wazee wote wakasimama wakatoka, wakanipita pale mlangoni. Hakuna aliyenisalimia."

Siku ile ile Evaristo alimrudishia baba yake nyundo. Mzee Onesphory hakuipokea. Alisema, "Umeshaipa kazi. Kaa nayo." Huyo mzee aliishi miaka mitatu zaidi, na Efraimu anasema hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mwanawe.

Wiki ya tatu baada ya bugi lile mvua za masika zilikuwa zimechacha. Wanaume walitoka kusafisha mfongo, ule mfereji unaoleta maji vihambani. Ukingo ukaporomoka. Walikuwa saba pale chini. Sita walitoka. Filemon hakutoka.

"Walinikuta namenya ndizi," Tereza alisema. "Wakaniambia. Nikamaliza kumenya. Nikapika, nikawapakulia watu, na mimi nikala. Nilikuwa nasubiri kulia. Mpaka leo nasubiri, baba. Nimezoea."

Aliyasema hayo akiwa ananimiminia chai.

Mtu angetegemea Evaristo aitupe nyundo ile. Hakuitupa. Aliendelea kuipiga jukwaani, kila wiki, kila mwaka. Nilimuuliza Efraimu kwa nini. Efraimu akasema, "Mimi mtu wa Singida, haya mambo nilielezwa baadaye. Nilimwambia, aachie hiyo kitu. Akaniambia, nikiiachia, nimekubali kwamba nilimuua. Na sikumuua, nilikuwa napiga muziki." Basi alichoacha ni majina. Mapigo kumi na sita yalibaki. Mahali pa majina pakabaki kimya.

Naye Tereza huko juu alikuwa anapima kwa kipimo chake. "Angeacha kupiga ningejua anajuta," alisema. "Watu walikuja kuniambia, bado anapiga."

Mara tatu Evaristo alipanda Mwika na jani la isale mkononi. Wenzetu wa mbali mjue kwamba kwa Wachagga ukiletewa isale na aliyekukosea, huna ruhusa ya kukataa. Unapokea, na yamekwisha. Mara zote tatu Tereza alisikia kwa majirani kwamba mdogo wake yuko njiani. Mara zote tatu aliondoka nyumbani, akaingia migombani, akakaa chini mpaka Evaristo alipokwenda zake.

"Sikusema sitamsamehe," aliniambia. "Nilikuwa sitaki kulazimishwa."

Mwaka 1976 Bwana Ebenezeri alikwenda kuisikiliza bendi kwa mara ya tatu. Alitoka pale mtu mwingine. Aliandika nusu ukurasa: "Pale ambapo bendi zote hujipendekeza kwa wapenzi wao, Tambarare Jazz wananyamaza. Chuma kinalia na hakuna anayeitwa. Huu ni ujasiri ambao muziki wetu haujapata kuuona." Wakaitwa Dar es Salaam. Bendi nyingine zikaanza kuiga, zikatundika vyuma, zikaacha kutaja majina. Ukawa ndio usasa.

Mwaka 1978 mimi mwenyewe nilikwenda Moshi na gari letu la kurekodia, tukarekodi "Shifti ya Pili". Nilimuuliza Evaristo kwa nini aliondoa majina. Alisema koo linamsumbua. Nikarudi studio nikawaambia, nyinyi wasikilizaji wangu, kwamba huyu ni msanii jasiri. Nililisema hilo hewani mara nyingi.

"Nilikusikia," Tereza alisema. "Redio ya jirani. Nilikuwa nachambua kahawa. Nikajua huyu mtangazaji hajui kitu. Mdogo wangu alikuwa anaogopa."

Nilisema chai ni nzuri.

Miaka hii ya karibuni mnajua ilivyokuwa. Nyuzi za gitaa hazipatikani, betri hazipatikani. Bendi ilipiga mara moja kwa mwezi, halafu ikawa haipigi. Kifua cha Evaristo kilianza kumsumbua, akalazwa. Efraimu alikaa naye wodini. Aliniambia jambo moja nikamwomba alirudie. Kwa miaka kumi na moja, tangu Filemon afe, Evaristo hakuwahi kutaja jina la mtu yeyote kwa sauti. Muuguzi alimwita dada. Efraimu mwenyewe, rafiki yake wa miaka ishirini, alimwita wewe wa dramu. Wiki ya mwisho alimtuma Efraimu Mwika, akamwambia, "Kamwambie yule aliyenilea nimelazwa."

Efraimu alifika. Tereza alimkaribisha, akamsikiliza, akasema atashuka akishaanua kahawa. Kahawa ilikauka siku ya nne. Evaristo alifariki siku ya tatu.

Nilimuuliza Bi Tereza anajisikiaje. Ni swali la kijinga, tunaliuliza kila siku kwenye kazi hii. Akasema, "Sisikii kitu. Nilidhani akifa nitasikia. Unataka niseme nini?"

Kisha akaniuliza kama ile kanda ya 1978 bado tunayo. Nikasema tunayo. Kama ni nyundo ile ile ya baba inayolia. Nikasema ndiyo. Kama kuna mahali chuma kinalia peke yake. Nikasema mahali pale papo.

"Basi pale utaje jina langu," akasema.

Nilimwambia, dada, hilo siliwezi. Nilimwambia mimi ni Mkristo, na ni mtu wa redio, na hayo mambo siyaamini, lakini siliwezi.

"Kama huyaamini, unaogopa nini?" akasema. "Zikipita wiki tatu niko hai, nitajua alikuwa anapiga muziki tu. Nitakwenda kaburini kumwambia."

"Na zisipopita?"

"Nitakuwa nimejua pia," alisema. Akachukua kikombe changu, akakiosha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa ukoo wa Mlay wa Mwika, kwa Efraimu na wanamuziki wote wa Tambarare Jazz, na kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Mungu amlaze mahali pema Evaristo Mlay. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna ndugu yako yuko njiani anakuja kwako, na unajua anachokuja kukuomba, hebu jifikirie leo. Mimi nimejifikiria safari nzima ya kurudi Dar es Salaam. Nimefika sijui kama ninalotaka kulifanya ni jema. Nalifanya kwa sababu nimeombwa na mwenye msiba.

Fundi mitambo ameshaiweka kanda. Hii ni "Shifti ya Pili", Tambarare Jazz, mwaka 1978. Magitaa ndiyo hayo yanashuka. Anayegonga ni Evaristo. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Tereza Onesphory, wa Mwika.