Tokeni Alizochoma Gundi

Mmenichosha. Kila mkikaa, "Bibi, tuambie ile ya Gundi na tokeni." Shule nimeiacha kabla herufi hazijaisha, na bado mnataka mimi ndiye niwaeleze mambo ya mtandaoni. Haya. Gundi ni fundi viatu, kibanda chake kimepakana na benchi la kahawa, pale mtaa unapokata kona. Miaka mitatu aliandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni: soli, visigino, watu wanavyokanyaga. Ukiandika, wenzako wanakupigia kura, na kura zinakuletea tokeni, sarafu zisizoshikika mkononi. Alizilimbikiza apate cherehani ya ngozi. Kisha Kamusi, kiongozi wa kundi lao la waandishi, akamjaza maneno, naye akazichoma zote. Wiki nzima ikapita. Asubuhi hiyo alikuwa anashona kwa mkono, mgongo unamuuma, jicho moja kwenye simu. Bei ya tokeni ilikuwa palepale, na Kamusi amekaa benchini.

— Kamusi, ndugu yangu, mbona haijapanda?

— Taratibu, kaka. Kuchoma ni kuzituma kwenye anwani isiyo na mwenyewe, zisirudi tena. Zikipungua, zilizobaki zinapata thamani. Jamii nzima ya waandishi inafaidika.

— Mimi sina zilizobaki.

— Ndiyo kujitolea kwenyewe huko.

Breki, dereva mstaafu, akapuliza kahawa yake.

— Mimi naona ni kama lori mlimani. Punguza mzigo, litapanda.

— Umeona! Hata mzee Breki kaelewa.

— Mzigo uliomwagwa ni wangu, Breki, Gundi akasema.

— Basi ulikuwa mdogo. Mngechoma na makala pia. Zikibaki kumi, watu watazigombania.

— Hata waandishi! Kamusi akadakia, hajui mzaha umeanzia wapi. Tukibaki watano wenye nguvu, jukwaa linapaa.

— Tuanze kumchoma nani? Gundi akauliza.

Pembeni ya benchi alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, anasubiri kiatu chake.

— Samahanini, jamani. Hayo anayoandika fundi, nani kati yenu anayasoma?

Breki akachungulia kikombe. Kimeisha. Akaendelea kuchungulia.

— Mimi nasoma, Kamusi akasema. Hakuna makala yake nisiyoiwekea maoni.

— Ya juzi ilihusu nini? Gundi akauliza, uzi mdomoni.

— Ilihusu... viatu.

Gundi akampa yule mama simu. Mama akasoma kwa sauti:

— "Wasomaji wangu, kama mpo, nimechoka. Ijumaa nafunga akaunti." Halafu hapa chini, Kamusi: "Makala bora sana, kaka, endelea hivyohivyo!"

Breki alicheka mpaka akakohoa. Gundi hakucheka. Alivuta uzi, akaukata.

— Na wewe, Kamusi, ulichoma ngapi?

— Unajua, kiongozi lazima abaki na tokeni zake, ndizo zinazoipa kura yake uzito, ili awainue wenzake...

— Ngapi?

— Bado sijaanza.

Sasa mnataka kujua Kamusi alilipa nini. Tokeni hazirudi, hata angegaragara. Breki ndiye mkubwa pale benchini, akakata shauri: kila asubuhi Kamusi asimame mbele ya kibanda, asome makala moja ya Gundi kwa sauti, neno kwa neno, kisha aulizwe swali moja. Akikosa, kesho anairudia ileile. Akigoma, atafute benchi lingine na watu wengine wa kumwita kiongozi. Makala zipo mia moja arobaini na sita.

Ijumaa ikapita, akaunti haikufungwa. Gundi amepata msomaji, ingawa wa kukamatwa. Bado anashona kwa mkono.

Jana Kamusi alikuwa kwenye ya tisa, ya visigino vinavyolika upande mmoja. Akaulizwa ni upande gani.

Leo anairudia.